Kisanduku cha fani kwenye fomu za vyuo vya Marekani: ujaze au uache?

Common App, fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, vingi vikiwa vya Marekani, hufunguliwa tarehe 1 Agosti kila mwaka. Kuanzia hapo simu yangu haitulii. Wazazi huanza na ada, lakini hawachelewi kufika kwenye kisanduku kimoja kinachowanyima usingizi. Mama mmoja wa Morogoro alinipigia saa nne usiku, binti yake akiwa ameketi pembeni na kompyuta imewashwa.

"Mwalimu, tumefika mahali wanauliza fani. Mjomba wake aliye Houston anasema asiandike kitu. Mwalimu wake wa shule anasema asipoandika wataona hana malengo. Na kwenye kundi la WhatsApp wanasema achague falsafa, haina waombaji wengi, akishaingia ahamie kompyuta. Tushike lipi?"

Nilimwambia ukweli: mjomba na mwalimu wana chembe ya haki, na ushauri wa kila mmoja wao unaweza kumwokoa binti kwenye chuo hiki na kumwangusha kwenye chuo kile. Ndiyo maana watu wanachanganyana. Kila mtu anasimulia chuo alichokijua yeye, halafu anakifanya kuwa Marekani nzima.

Tuanze na maneno. Kwetu Tanzania mambo hujibana mapema. Kidato cha tano unachukua tahasusi, yaani kundi la masomo matatu kama PCM, PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au HGL, na hapo nusu ya milango imeshafungwa. Ukifika chuo unaomba kozi kwa jina lake, unadahiliwa kwenye kozi hiyo, na ndiyo utakayohitimu nayo. Kenya ni vivyo hivyo: kupitia KUCCPS, taasisi inayopanga wanafunzi vyuoni, mwanafunzi hupangiwa programu mahususi kwa alama zake za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kwa hiyo tukisikia "fani" tunafikiria kitu unachoingia nacho na kutoka nacho.

Shahada ya kwanza ya Marekani imejengwa vingine. Kwa kawaida ni miaka minne na krediti zipatazo 120, na fani kuu, ile ambayo kwenye fomu utaiona imeandikwa "major", huchukua sehemu tu ya hizo krediti. Kwenye historia au uchumi inaweza kuwa theluthi. Kwenye uhandisi ni kubwa zaidi. Zilizobaki ni masomo ambayo chuo kinataka kila mtu ayapitie, kama uandishi, hesabu, sayansi na historia, pamoja na yale unayojichagulia mwenyewe. Mwanafunzi wa kemia kusoma Kiswahili au muziki muhula mzima si jambo la ajabu kule.

Halafu kuna vitendo viwili ambavyo watu huvifanya kimoja. Kutangaza fani ni kitendo rasmi. Unakifanya ukiwa tayari chuoni, mara nyingi kufikia mwisho wa mwaka wa pili, na baada ya hapo idara inakutambua kama mtu wake. Kutaja fani unayokusudia ni jibu unalotoa kwenye fomu ukiwa bado nyumbani. Kile kisanduku kinauliza hili la pili. Na neno "undeclared" utakaloliona kwenye orodha maana yake ni "bado hajatangaza", basi. Halisemi kwamba hajui anachotaka maishani.

Sasa, uzito wa jibu lako la nyumbani unategemea chuo kimejengwaje, na hapa nitatumia majengo yetu wenyewe.

Fikiria nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Kariakoo. Mlango wa mbele ni mmoja. Ukishaingia unakuta korido, na kushoto na kulia kuna milango ya vyumba. Kazi ngumu ni kukaribishwa ndani. Ukishakuwa koridoni unaweza kuchungulia chumba hiki na kile kabla hujaamua utakaa kipi. Sasa fikiria safu ya fremu za maduka kando ya barabara. Ni jengo moja na mwenye nyumba mmoja, lakini kila fremu ina mlango wake unaotazama barabarani, na ndani hakuna njia ya kutoka fremu moja kwenda nyingine. Ukiingia duka la vitambaa hujaingia duka la dawa, hata kama ukuta ni mmoja.

Vyuo vya Marekani vipo vya namna zote mbili, na vingi vina korido upande mmoja na fremu upande wa pili.

MIT ni nyumba ya korido kamili. Wanafunzi wote wa shahada ya kwanza huingia bila fani, na huchagua mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Stanford inakupa hadi mwisho wa mwaka wa pili. Harvard wanaamua mwaka wa pili pia. Vyuo vidogo vya taaluma za jumla kama Amherst na Williams navyo hukaa hivyo. Fomu za vyuo hivi zinaweza kukuuliza unapenda nini, lakini wanaokusoma wanajua kwamba jibu hilo halikufungi, na wameona mamia wakilibadilisha.

Upande wa fremu, tazama Carnegie Mellon, ambako shule ya sayansi ya kompyuta ina udahili wake, na aliyeingia chuoni kupitia kitivo kingine hana uhakika wowote wa kuvuka. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina shule nne za shahada ya kwanza, ikiwemo Wharton ya biashara na ile ya uuguzi, na ni lazima uchague unabisha hodi ipi. Cornell hali kadhalika: unaomba kitivo kimoja. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle hudahili wanafunzi wengi wa sayansi ya kompyuta moja kwa moja kutoka sekondari, na chenyewe kinawaonya waliokosa kwamba nafasi ya kuingia baadaye ni finyu mno.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni UCLA, kwa sababu chuo hicho kimoja kina yote mawili. Ukiomba kitivo chao kikubwa cha fasihi na sayansi ukitokea sekondari, fani uliyoitaja haiingii kwenye uamuzi wa kukudahili. Ukiomba uhandisi au uuguzi, inaingia. Vijana wawili wa shule moja ya Arusha wanaweza kuomba UCLA siku moja, mmoja kisanduku kisimhusu kabisa na mwenzake kiwe ndicho kinachomhukumu. Wakikutana baadaye na kupeana ushauri, kila mmoja atasema ukweli mtupu, na watabishana mpaka asubuhi.

Familia zetu zilizohamia Texas, na wapo wengi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani, zina fundo lao la ziada. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1997 inawapa wanafunzi wa juu kabisa wa kila sekondari nafasi ya moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya umma. Kwa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kiwango kimekuwa kikipandishwa. Kwa wanaoingia mwaka 2026 ni asilimia 5 ya juu. Mzazi akisikia hivyo anashukuru Mungu na kulala. Lakini nafasi hiyo inakuingiza chuoni tu. Fani unayoitaka inaamuliwa peke yake. Kijana anaweza kuwa na haki ya kisheria ya kuingia Austin na bado akakosa sayansi ya kompyuta au biashara, akapewa fani nyingine. Kwa hiyo pale kisanduku cha kwanza, na hata cha chaguo la pili, vinastahili kufikiriwa sawasawa na insha.

Mtu atauliza, kwa nini vyuo hivyo viweke fremu? Jibu ni viti. Maabara ya uhandisi ina meza kadhaa, hospitali inayopokea wanafunzi wa uuguzi ina vitanda na wakufunzi kadhaa, na miaka ya karibuni watu wanaotaka kompyuta wamekuwa wengi kuliko walimu wa kuwafundisha. Idara ya historia ikiongezewa wanafunzi ishirini inahitaji ukumbi mkubwa zaidi. Idara ya uuguzi ikiongezewa ishirini inahitaji wodi. Ukiona fani yenye vifaa vya gharama, yenye leseni ya serikali baada ya kuhitimu, au yenye kuomba kazi za mikono na majaribio kama usanifu majengo na muziki, chukulia kuwa ni fremu mpaka uthibitishe vingine.

Ndiyo sababu ushauri wa falsafa ulinikera usiku ule, ingawa aliyeutoa pengine alikuwa na nia njema. Unadai kwamba uchague mlango usio na foleni, halafu upenye ndani kwa ndani. Kwenye chuo cha korido ujanja huo hauna faida, kwa sababu foleni ni moja kwa wote. Kwenye chuo cha fremu una madhara, kwa sababu hakuna pa kupenya: kijana anajikuta ndani ya chuo cha gharama kubwa akisoma kitu ambacho hakukitaka, na mlango aliouhitaji umefungwa kwa nje. Kuna jambo la tatu tena. Ofisa udahili anasoma maombi yote kwa pamoja. Anaona matokeo ya fizikia na hesabu, anaona klabu ya roboti, barua mbili kutoka kwa walimu wa sayansi, halafu anaona "falsafa" bila hata kitabu kimoja cha kuitetea. Anaelewa mara moja.

Hapa mwalimu wa shule alikuwa na chembe yake ya haki. Hata pale fani isipokuwa kigezo, huwa inasaidia msomaji kuyaunganisha mambo yako. Akiona "baiolojia" anarudi kutazama ulifanya nini kinachohusiana na baiolojia. Kama kipo, jibu lako linapata mwili. Kama hakipo, ulikuwa bora useme hujaamua na utumie nafasi ya insha kueleza mambo mawili matatu yanayokuvuta. Kutokuamua kwenye chuo cha korido hakukupunguzii kitu, na wengi wanaoingia na jibu thabiti hulibadilisha. Takwimu za elimu za serikali ya Marekani zilizotolewa mwaka 2017, za wanafunzi walioanza masomo mwaka 2011/12, zinaonyesha kuwa karibu theluthi ya wa shahada ya kwanza waliokuwa wametangaza fani waliibadilisha ndani ya miaka mitatu. Kwa walioanza na hesabu ilikuwa zaidi ya nusu.

Nilimuuliza yule binti wa Morogoro ameandika nini kwenye orodha ya shughuli zake. Alikuwa na vyeti viwili vya mdahalo na ukapteni wa netiboli. Fani aliyotaka kuandika ilikuwa "udaktari". Nikamuuliza udaktari umetoka wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nyumbani wanaishi na bibi mwenye kisukari, na yeye ndiye anayempima. Tangu kidato cha tatu ana daftari la mistari la kurasa 96: tarehe, saa, kipimo kabla ya kula, kipimo baada ya kula, na safu ya mwisho ameandika bibi alikula nini, ugali wa dona, wali, ndizi, futari ya Ramadhani. Alikuwa amegundua mwenyewe kuwa siku za futari vipimo vinapanda usiku, akamwambia nesi wa zahanati, nesi akabadilisha saa za dawa. Daftari hilo hakuliweka popote kwenye fomu kwa sababu, alisema, "si cheti, Mwalimu."

Lile daftari ndilo lilikuwa fani yake. Mtu anayeandika namba kila siku kwa miaka mitatu na kuzihoji ana cha kusema akitaja afya ya jamii, baiolojia au takwimu, na msomaji wa Boston au Seattle atamwamini.

Lakini "udaktari" tulilazimika kuufuta, na hili nalieleza kwa urefu kwa sababu linaumiza familia nyingi. Hapa mwanafunzi wa PCB mwenye alama nzuri anaomba Muhimbili moja kwa moja, miaka mitano ya MD na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo. Marekani hakuna mlango huo kwa mtu wa sekondari, isipokuwa programu chache sana zinazounganisha shahada mbili, kama ile ya miaka minane ya chuo cha Brown. Wengine wote husoma kwanza shahada ya miaka minne ya fani yoyote, wakifanya mtihani uitwao MCAT, ndipo waombe shule ya udaktari ya miaka minne mingine. Ukisikia mtu anasema yuko "pre-med", hiyo kwa kawaida si fani. Ni msururu wa masomo ya lazima, baiolojia, kemia, kemia kaboni, fizikia, ambayo mtu huyachukua pembeni mwa fani yake, iwe baiolojia au fasihi. Sheria nayo ni hivyo: kwanza shahada, kisha shule ya sheria ya miaka mitatu. Uuguzi ni kinyume chake, mara nyingi unauomba kwa jina tangu mwanzo, na usipoutaja huupati kirahisi.

Na kuna neno ambalo ni bora mzazi alisikie mapema: shule nyingi za udaktari za Marekani hupokea wanafunzi wachache mno wasio raia wala wakazi wa kudumu, na baadhi hazipokei kabisa. Familia inayomtuma mtoto kule kwa ajili ya udaktari peke yake iweke hesabu hiyo mezani kabla ya kununua tiketi. Yule mama aliposikia hivyo alikaa kimya muda mrefu kwenye simu. Kisha akauliza kama mtu anaweza kusoma kwanza halafu akarudi kuomba hapa nyumbani. Anaweza, nikamwambia, ila atakuwa ametumia miaka minne ya kwanza.

Pesa na viza huingia hapa kwa njia mbili tatu. Vyuo tajiri vinavyotoa msaada kwa kuangalia uwezo wa familia, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havipimi msaada huo kwa fani. Vyuo vingine vina ufadhili wa idara, ambao hauwezi kukufikia kama idara haijui kuwa unaitaka. Na kwenye vyuo kadhaa vya umma, Illinois kwa mfano, ada ya uhandisi au biashara iko juu kuliko ya fani nyingine, kwa hiyo soma mstari wa ada wa fani yako, usisome wastani.

Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, fani huandikwa kwenye fomu I-20, ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza, pamoja na namba yake ya msimbo, na ofisa wa ubalozi atakuuliza unakwenda kusoma nini. Jibu la "sijaamua" linapokelewa kama chuo chenyewe kinaruhusu na unaweza kulieleza kwa sentensi mbili zilizotulia. Ukibadilisha fani baadaye, ofisi ya wanafunzi wa kigeni hubadilisha I-20. Lenye uzito zaidi liko mwishoni. Kwa kanuni zilizopo, mhitimu anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na fani yake kwa miezi 12, na wa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu wanaweza kuongezewa 24. Kinachoamua ni ile namba ya msimbo. Uchumi wa chuo kimoja unaweza kusajiliwa kama uchumi wa kawaida, na wa chuo cha jirani ukasajiliwa kama uchumi wa vipimo na kuhesabiwa kwenye kundi la sayansi. Masomo yanafanana sana, na tofauti ni miaka miwili ya kazi. Uliza msimbo kabla ya kutangaza fani. Kwenye fomu ya maombi bado ni mapema.

Orodha ya binti yule ilikuwa na vyuo tisa. Vitano vilikuwa vya korido: akataja baiolojia kwenye vitatu, na kwenye viwili akaacha bila fani na kuandika insha ya daftari la bibi. Vitatu vilikuwa na afya ya jamii kama fani yenye udahili wake, akaitaja kwa jina na kueleza kwa nini. Cha tisa kilikuwa na uuguzi wa moja kwa moja. Tulikijadili siku mbili, mwisho akakiacha, kwa sababu alipoulizwa kama angependa kuwa nesi alisema hapana kabla swali halijaisha.

Kujua chuo chako ni cha namna gani hakuhitaji wakala wala malipo. Fungua ukurasa wa udahili wa chuo, kisha ukurasa wa idara yenyewe, utafute sehemu inayozungumzia wanafunzi waliomo chuoni wanaotaka kuhamia fani hiyo. Tazama kama wanaandika kwamba kila aliyefaulu masomo fulani anakubaliwa, au kwamba kufaulu ni sharti la kuruhusiwa kuomba tu. Sentensi hizo zinafanana kwa haraka, na watu wengi wamepotelea hapo. Ukishindwa kuelewa, waandikie barua pepe ofisi ya udahili na uulize hivi: mwanafunzi aliyeingia bila fani, akipata alama mnazotaka, anapokelewa kwenye fani hii, au anashindania nafasi na wenzake? Na kama anashindania, mwaka jana waliomba wangapi na walichukuliwa wangapi?